Banna ndogo inayocheza, ukiichora pikseli moja moja

Banna nyingi ndogo zinazocheza, vile vipicha vya jina au tangazo vinavyowekwa kwenye websaiti, zinaharibika kwa sababu moja tu, aliyechora alitaka kila kitu kicheze. Maneno yanaruka, rangi ya nyuma inabadilika, pembeni kuna nyota, chini kuna mshale unawaka na kuzima, na yote hayo yamebanwa kwenye nafasi ya kidole gumba, yani ukimaliza kuangalia hujui hata umeambiwa nini. Mi nikianza banna swali la kwanza sio nini kitacheza, ni nini kitatulia. Nikishajua vinavyotulia, kile kimoja kilichobaki ndo kinapewa ruhusa ya kucheza, na hapo kazi inakua imepungua sana.

Saizi ninazozipenda ni mbili. Kuna 88 kwa 31, ile ya vibatani vidogo vilivyojaa kwenye websaiti za miaka ya 90 enzi za brauza ya Netscape, watu walikua wanavipanga chini ya peji kuonyesha wanatumia brauza gani, wametumia programu gani, rafiki zao ni kina nani. Alafu kuna 468 kwa 60, ndefu nyembamba, hiyo ndo ilikua saizi ya kawaida ya matangazo mtandaoni kwa miaka mingi. Hapa ntaongelea zaidi ile ndogo kwa sababu ukiiweza ile ndogo ile ndefu inakua starehe. 88 mara 31 ni pikseli 2728 tu, picha ya kawaida ya simu ina mamilioni, kwahiyo hapa kila pikseli ina kazi yake na ukiiweka vibaya inaonekana. Mstari wa pembeni wenye unene wa pikseli mbili peke yake unakula pikseli 460, yani kama sehemu moja ya sita ya eneo lote, na hujaandika hata herufi moja.

Kabla sijaenda mbali, banna hizi natengeneza kwa GIF, fomati ya picha inayobeba michoro kadhaa (fremu) inayopokezana, sasa kwanini GIF na sio vitu vya kisasa? Vipo, kuna fomati za picha kama APNG na WebP, CSS ile lugha ya kupamba peji nayo inacheza vizuri tu, na kwa picha kubwa yenye kivuli laini hizo ni bora mara mia. Ila kwa kitu cha pikseli 2728 chenye rangi kumi na kitu sioni faida ya maana, na GIF inafunguka kila mahali. Hii fomati ni ya 1987, ilitoka kampuni ya CompuServe, toleo la 1989 ndo likaleta vitu tunavyovitumia kwenye animesheni, muda wa kila fremu na rangi moja inayoweza kua wazi. Kujirudia bila mwisho hakukuwemo, hicho kilikuja na Netscape Navigator 2.0 katikati ya miaka ya 90, waliongeza kipande kidogo ndani ya faili na mpaka leo ukifungua GIF yoyote inayojirudia kwenye programu inayoonyesha baiti utakuta mwanzoni imeandikwa GIF89a, na mbele kidogo utakuta neno NETSCAPE2.0 limekaa pale. Brauza yenyewe ilishakufa zamani, jina lake linasafiri ndani ya mafaili ya watu hata waliozaliwa baada yake. Wakati huohuo banna zote zilizotengenezwa kwa Flash, programu ya animesheni ya kampuni ya Adobe, zilizimika, Adobe waliacha kuisapoti mwisho wa 2020 na ndo ikawa basi, lakini GIF ya 1996 ukiibonyeza sasa hivi inacheza.

Kuhusu programu sina maneno mengi. Piskel inafanya kazi ndani ya brauza na ni ya bure, Aseprite ni ya kulipia na ndo nzuri kuliko zote kwa pikseli, GIMP ni ya bure na inatosha kabisa ukiielewa. Kwenye GIMP kila leya (tabaka la mchoro) inakua fremu na muda unauandika kwenye jina la leya, mwishoni ndani ya mabano, mfano unaandika 1200ms (hizi ni milisekunde, 1000 ni sekunde moja), ukiacha kuandika inatumia muda mmoja kwa zote na hapo ndo banna za watu wengi zinapopoteza uhai. Tumia penseli, sio brashi, kwa sababu brashi inalainisha kingo na kukuletea rangi za katikati ambazo hukuziomba. Zile websaiti za kujaza maneno yako kwenye templeti alafu zinakutolea banna inayong'aa, mi sizitaki, sio kwa ubishi, ni kwa sababu zote zinatoka na mwendo uleule na unajua tu ukiiona.

Maandishi sasa. Hapa Kiswahili kinatubana kidogo kwa sababu maneno yetu ni marefu. Herufi ndogo kabisa inayosomeka vizuri ina kimo cha pikseli tano, upana tatu au nne, ukiongeza pikseli moja ya nafasi kati ya herufi na herufi unakua umetumia tano kwa kila moja. Ukitoa pembeni pikseli mbili mbili unabaki na 84, kwahiyo mstari mmoja unabeba herufi kama 16, na hapo M na W zinataka pikseli tano zenyewe bila nafasi, wakati I inakaa kwenye moja tu na kukurudishia ulichopoteza. Chukua "Imetengenezwa kwa mkono", ukihesabu na nafasi ni herufi 23, haiingii mstari mmoja hata uombe. Unaweza kuikata mistari miwili, au kuigawa fremu mbili, neno la kwanza linakuja linakaa alafu linafuata "kwa mkono". Mi nachagua mistari miwili karibu kila mara, maana mtu akitupia jicho kwenye banna wakati imefika fremu ya pili anaona "kwa mkono" peke yake, mkono gani sasa? Tena kuna sehemu zinaonyesha fremu ya kwanza tu, Outlook za Windows za zamani kwenye imeili zilikua hivyo, kwahiyo fremu ya kwanza lazima ijitosheleze, jina na ujumbe viwepo hata kama hakuna kitakachocheza baada ya hapo. Usianze na fremu tupu eti maneno yatakuja kuingia.

Na herufi zichore mwenyewe. Fonti ya kawaida ukiipunguza mpaka pikseli tano inakua ukungu, zile fonti zilizochorwa kwa pikseli zinafaa ila uzime ulainishaji wa kingo na utumie saizi yake halisi, ukiitumia saizi nyingine inavunjika. Ukichora mwenyewe unaweza kuiba, A ikishindikana kukaa na W unaipunguza mguu, hakuna atakaejua.

Sasa tuje kwenye penyewe, muda. Kwenye GIF kila fremu ina muda wake, unahesabiwa kwa sehemu ya mia ya sekunde, kwahiyo 100 ni sekunde nzima. Mtu anapochukua video akaigeuza GIF anapata fremu sitini zinazopita kwa mwendo mmoja, nzito, na bado haina mvuto. Wewe unaechora kwa mkono una fremu nne na kila moja inakaa unavyotaka. Macho yanayopepesa kwa mfano, kikatuni kidogo kushoto na jina kulia. Fremu ya kwanza macho wazi, ipe 240, yani sekunde mbili na nusu kasoro. Ya pili macho nusu, 6. Ya tatu yamefumba, 8. Ya nne nusu tena, 6. Jumla sekunde 2.6, na katika hizo, karibu muda wote hakuna kinachotokea. Na ndo maana inaonekana hai! Ukiweka zote 10 kile kikatuni kinakua kama kimeingiwa na mchanga machoni. Michoro ni ileile, hujagusa pikseli hata moja, umebadilisha namba nne tu.

Ukitaka kuiongezea utamu, fanya kipepese mara moja, kitulie sekunde tatu, kipepese mara mbili harakaharaka, kitulie sekunde moja na nusu. Sasa mtazamaji hashtukii kwamba inajirudia, mzunguko unakua mrefu na hujaongeza mchoro wowote, umekopi zilezile na kuzipa namba tofauti. Hii mbinu inafanya kazi kwa taa inayocheza, kwa mshumaa, kwa kiskrini cha kompyuta kinachowaka, kwa chochote ambacho kwa asili yake hakina mapigo sawasawa.

Kuna mpaka wa kasi wa kuujua. Ukiweka 0 au 1 ukidhani itakimbia sana, brauza zinakataa, zinaichukulia kama 10, kwahiyo badala ya kwenda haraka inaenda polepole na unabaki unashangaa. Ndogo inayoheshimiwa ni 2, ambayo ni fremu 50 kwa sekunde, na kiukweli kwenye banna hakuna sababu ya kufika huko. Kwa mwendo wa kitu kuteleza mi nakaa kati ya 4 na 8.

Kuteleza nako kuna namna yake. Jina likiingia kutoka kulia usilisogeze pikseli tano tano kila fremu mpaka lifike, linakuja kama droo. Lisogeze 12, alafu 7, alafu 4, alafu 2, alafu 1, kisha liache. Jumla 26, fremu tano, na linaonekana limefunga breki. Ile pikseli moja ya mwisho ndo inayofanya kazi, watu wengi wanaikata wakidhani haionekani. Na kwenye eneo dogo hivi pikseli moja ni safari ndefu, kwahiyo wakati mwingine unataka nusu pikseli ambayo haipo, hapo unadanganya kwa rangi, unaacha umbo palepale alafu ukingo wa mbele unaupaka rangi ya katikati na ukingo wa nyuma unaufifisha, jicho linasoma kwamba kimesogea kidogo. Pumzi ya mnyama aliyelala inachorwa hivi, mstari wa mgongo unabadilika rangi tu.

Sasa ile habari ya kuacha kimoja kicheze, kuna sababu ya kihesabu pia sio tu ya macho. GIF ina mstari mmoja wa fremu, haina leya zinazojiendesha kila moja kivyake. Nyota yako ina hatua 4 (nukta, msalaba mdogo, msalaba mkubwa uliofifia, giza) na mstari wa pembeni unaotambaa una hatua 3. Ili vyote virudi mwanzo bila kuruka unahitaji fremu 12. Ongeza kitu cha tatu chenye hatua 5, sasa ni 60. Kwa hatua nne tatu na tano! Tena zote zitalazimika kugawana muda uleule, kwahiyo ile nyota uliyotaka itulie sekunde mbili haiwezi kutulia maana ule mstari wa pembeni unatambaa kila baada ya 10. Ukitaka lazima vitu viwili, vifanye vipokezane, nyota imalize alafu macho yapepese, au vipe hatua zinazogawanyika, 2 na 4, 3 na 6.

Kuhusu uzito wa faili watu wanahangaika sana na idadi ya fremu wakati mwizi yuko kwenye rangi. GIF mwisho ni rangi 256 kwa paleti (orodha ya rangi za faili), ila paleti yenyewe inachukua nafasi, kila rangi baiti tatu, kwahiyo paleti kamili ni baiti 768. Programu nyingine zinaweka paleti mpya kwenye kila fremu, fremu kumi ni baiti 7680 za paleti tupu, wakati mchoro wenyewe wa 88 kwa 31 ukiwa na rangi 16 hauzidi baiti 1364 hata kabla haujabanwa. Paleti ya rangi 16 ni baiti 48. Kwahiyo weka paleti moja kwa faili zima na uikate. Na ikate kwa hatua za 2, 4, 8, 16, 32, kwa sababu ukiwa na rangi 17 umeshalipia nafasi ya 32. Kumbuka pia ile rangi ya uwazi inahesabiwa, kwahiyo 16 maana yake ni rangi 15 na uwazi.

Kubana kwenyewe kunatumia njia inayoitwa LZW, ileile iliyoleta kelele mwisho wa 1994 kampuni ya Unisys ilipodai haki ya patenti na watu wakaanza kutengeneza fomati nyingine, PNG, kwa hasira, patenti ya Marekani iliisha 2003 na leo hakuna anaejali. Inasoma pikseli kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari, na kila inapokutana na mfuatano iliowahi kuuona inauandika kwa kifupi, kama mwalimu anaeita mahudhurio na kusema "benchi hili lote wapo" badala ya kutaja majina. Ukilijua hilo unachora tofauti. Rangi inayofifia kutoka juu kwenda chini ni nafuu kwa sababu kila mstari una rangi moja mwanzo mwisho. Inayofifia kutoka kushoto kwenda kulia ni ghali zaidi. Vitone vilivyotawanywa ovyo ili kuiga rangi ya katikati, ambavyo programu inakuwekea yenyewe ukigeuza picha kua GIF, hivyo ndo ghali kuliko vyote, na kwenye animesheni vinakua balaa maana vinabadilika kila fremu na eneo lililotakiwa kutulia linaanza kuchemka. Zima kabisa. Ukivitaka, vichore mwenyewe kwa mpangilio wa draftibodi, vinabanika vizuri na vinapendeza.

Alafu sio lazima kila fremu iwe nzima. Macho ya kile kikatuni yako kwenye kisanduku cha 20 kwa 6, pikseli 120, hakuna haja ya kuhifadhi zile 2600 zingine ambazo hazijabadilika. Gifsicle, programu ya kupunguza uzito wa GIF, ukiipa amri ya -O3 inakufanyia hiyo kazi, Aseprite nayo inajitahidi. Ila hapo ndo inapozaliwa mizuka. Kila fremu kwenye GIF ina maagizo ya nini kifanyike ikishamaliza muda wake, iachwe hapohapo, isafishwe, au irudishwe hali ya kabla yake. Banna yenye msingi uliojaa rangi, acha fremu zirundikane juu ya nyingine, sawa. Banna yenye uwazi na kitu kinachotembea, ukiacha zirundikane kila nafasi aliyopita inabaki na alama yake, unapata kijoka badala ya mpira. Kwenye GIMP neno combine kwenye jina la leya ni kurundika, replace ni kusafisha. Ukiona mzuka, angalia hapo kwanza kabla hujachora upya chochote.

Na uwazi wa GIF ni ndio au hapana, hakuna nusu. Ukiwa na herufi zenye kingo laini ulizozichora juu ya nyeupe, ukiziweka kwenye peji nyeusi zinakuja na makombo meupe pembeni. Kingo ngumu tu, au usitumie uwazi, mi kwenye 88 kwa 31 naijaza rangi yote na maisha yanaendelea.

Kumulika, hili sio la ladha. Miongozo ya WCAG, ya kufanya websaiti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, inasema kitu kisimulike zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, kwa sababu kuna watu kinaweza kuwaletea kifafa. Na inasema kinachocheza chenyewe zaidi ya sekunde tano pembeni ya maandishi kiwe na namna ya kukisimamisha. GIF haina batani ya kusimamisha, kwahiyo unaweza kuiambia isijirudie milele, ukiwa na mzunguko wa sekunde 2 icheze mara mbili, itulie kwenye fremu ya mwisho, ambayo umehakikisha ni ile yenye jina. Binafsi zinazotulia nazipenda zaidi, peji yenye banna thelathini zote zinajirudia milele inachosha hata uipende vipi. Kama lazima ijirudie, tengeneza na picha moja isiyocheza, alafu kwenye HTML tumia tagi ya picture yenye source ya prefers-reduced-motion, aliyezima mwendo kwenye kompyuta yake anapata iliyotulia.

Skrini za siku hizi zina pikseli ndogo mno, kwahiyo 88 kwa 31 inaonekana kidogo sana au brauza inaikuza na kuitia ukungu. Usiikuze kwenye faili. Weka image-rendering: pixelated kwenye CSS na uionyeshe mara mbili kamili, 176 kwa 62, sio mara moja na nusu, ukiweka nusu pikseli nyingine zinanenepa na nyingine zinabaki nyembamba na herufi zako zote zinakua na kigugumizi.

Sevu lile faili la kuchorea lenye leya zote, sio GIF peke yake, maana GIF ikishabanwa na kukatwa visanduku kuirekebisha ni mateso. Na ukiiweka kwenye peji usisahau alt, yale maelezo ya picha kwa asiyeiona, andika maneno yote yaliyomo kwenye fremu zote kwa mfuatano wake, sio "banna" na sio jina la faili, kikatuni kinachopepesa unaweza kukitaja au ukakiacha.